Jumba Lisilo na Mlango wa Nyuma

Mtu aliyelijenga lile jumba hakuwa na mama mkwe. Na kama alikuwa naye, hakumheshimu. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuinua mawe kiasi kile, asimamishe nguzo, apange vyumba kuzunguka ua mzima, halafu aweke mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Nyumba yangu mimi ni ya matofali ya kuchoma na mabati, hapa shambani nje ya Kitale, na ina milango miwili. Hata banda la ng'ombe wangu lina milango miwili.

Kwa asiyejua, ngoja nieleze. Sisi Wabukusu, mama hamsalimii mume wa binti yake kwa mkono. Hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja, na wakikutana kwenye kinjia mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima, na ndani ya hiyo heshima kuna woga. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, mama anatoka kwa mlango wa jikoni. Siku hizi kanisani tumelegeza kidogo: mama anakaa upande huu, mkwe upande ule, kila mtu anaangalia mbele, mambo yanakwisha. Lakini kugusana, hapana.

Utasema hayo ni mambo ya kale. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na Jumapili hunikosi kanisani. Lakini nina sababu zangu. Mwaka nilioolewa, mama yangu mzazi aliteleza kwenye tope huko kwetu Kibabii, mvua ikinyesha, na mume wangu, ambaye alikuwa kijana mwepesi wa kusaidia, akamshika mkono akamwinua. Basi, hakuna kingine kilichotokea. Baada ya hapo nilizaa, nikazika. Nikazaa tena, nikazika tena. Daktari alikuwa na maneno yake, na watu wa Mabanga, kwao mume wangu, walikuwa na yao, na mimi nilikaa katikati. Wakati nimeshakata tamaa akaja huyu binti, akakaa. Ni yeye peke yake. Baba yake naye alitutoka binti akiwa bado yuko sekondari.

Sasa huyo mtoto wangu wa pekee akaenda Italia kusomea mambo ya maziwa na jibini, akapata kazi huko, akaniletea Mtaliano.

Mwanzoni harusi ilikuwa ifanyike huko huko. Alinitumia picha kwenye simu: shamba la kale, nyumba ya mawe juu ya kilima, mizabibu imepangwa mistari, misaipresi imesimama njia nzima. Akaniambia tutakaa humo wiki nzima, wa kwao na wa kwetu, tule pamoja na tulale humo.

"Na mume wako atalala wapi?" nikamuuliza.

"Humo humo, Mama. Nyumba ni kubwa."

Nikajua hajanielewa, au amenielewa na anajifanya. Nikapanga safari ya Bungoma niliweke hilo neno mbele ya watu wa baba yake. Na watu wa baba yake, ukitaka ukweli, ni mtu mmoja: dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Binti yangu humwita Senge, yaani shangazi, na sisi wengine wote tukaiga, hata mimi ambaye ni wifi yake. Anauza nafaka Kanduyi, na huwezi kumpunja wala kumtisha. Aliishika simu yangu mbali na macho, akaitazama sana ile nyumba ya kilimani.

"Nyumba nzuri," akasema. "Sasa wewe, wifi, utalala nje na mbwa?"

Hapo safari ya Italia ikaisha. Binti yangu alilia kwenye simu, nami nikalia nikimkamua ng'ombe, kila mtu kwake. Kisha wiki chache zikapita, akapiga tena, sauti imechangamka. Kumbe hapa kwetu iko nyumba ya Mtaliano. Ukitoka Kitale kuelekea mlimani, unaacha lami, unafuata barabara ya udongo katikati ya mahindi, unakuta jumba ambalo Mtaliano mmoja alijijengea enzi za mashamba ya wazungu. Sisi tulilipita miaka yote tukidhani ni misheni. Siku hizi mwenye nalo wa sasa analikodisha kwa harusi na watu wa picha.

"Mama, kama wewe huji Italia, Italia itakuja kwako," binti akasema. "Utatoka kwako asubuhi na utarudi kulala kwako."

Hapo alinipata. Senge naye alikubali, akapanga mambo kama anavyopanga magunia yake. Mimi nitangulie asubuhi, nimvalishe mtoto. Bwana harusi na watu wake waje mchana. Wakikaribia, mimi nitoke kwa nyuma, nikae na wanawake upande wa jikoni, na viapo vikianza nisimame nyuma ya watu nitazame kwa mbali. Mkwe hataniona, nami sitamwona, na kila mtu ataondoka na heshima yake.

Tulikagua kila kitu. Senge alikagua kuku mmoja mmoja, akawarudisha waliokonda. Alikagua masufuria, mahema, nguo za wasimamizi, hata meno ya mpiga ngoma. Nyumba hakuna aliyekwenda kuikagua. Ni nani katika Bungoma nzima angefikiria kuuliza kama nyumba ina mlango wa nyuma? Ungechekwa.

Siku yenyewe mlima uliamka umejifunika mawingu. Mimi na Senge tulifika na pikapu ya shamba, umande bado uko kwenye majani. Siwezi kusema jumba si zuri. Mawe yake yana rangi ya mkate uliookwa vizuri, juu kuna vigae vyekundu vilivyoota kuvu, na ukishapita lango unajikuta kwenye ua wa mraba wenye kisima katikati. Baraza inazunguka ua pande zote, na kila chumba kinafungua mlango wake na dirisha lake kwenye hiyo baraza. Ukisimama kisimani unamwona kila mtu, na kila mtu anakuona. Nikasema moyoni, hapa hata ukipiga chafya utaulizwa na watu wote. Lakini sikufikiri zaidi, nilikuwa na hamu ya kumwona mtoto wangu.

Alikuwa chumba cha kwanza kushoto, nywele zimeshatengenezwa, miguu mitupu. Nikamvalisha gauni. Zipu ilipanda mpaka kiunoni, ikakataa.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

Akavuta. Zipu haikutikisika. Mimi nimezaa, jamani. Niliacha kuvuta. Akaniangalia kwenye kioo.

"Nilitaka nikwambie baada ya harusi, Mama."

Nilifurahi mpaka nikaketi kitandani juu ya shela. Na katika furaha hiyo hiyo nikaogopa, sitakuficha. Woga ulinikaa hapa, chini ya titi la kushoto, na haukutoka siku hiyo yote. Tulifumua mshono wa ubavuni, nikamfunga kwa utepe, tukatupia shela juu.

"Leo usiende kujificha mbali," akaniambia nikiwa bado nahangaika na utepe. "Baba hayupo. Nikiwa nasema yale maneno, nataka mtu wangu karibu."

"Nitakuwa karibu."

"Karibu kabisa?"

"Nimekwambia nitakuwa karibu," nikasema, kwa ukali kidogo, maana machozi yalikuwa yananijia.

Nikatoka barazani kutafuta uzi mweupe. Watu wa bwana harusi walikuwa wamelala hoteli mjini Kitale, na tuliwatarajia mchana. Lakini dereva wao ni mtu wa huku. Aliona yale mawingu akawaambia hiyo barabara ikinyeshewa haipitiki, afadhali twende sasa. Alisema kweli, hata mimi ningewaambia hivyo. Basi nilikuwa naangalia ndani ya kikapu cha Senge niliposikia magari langoni, kisha kicheko cha mwanamume na Kitaliano kingi.

Nilikimbia na huu mwili wangu. Nilitafuta mlango wa nyuma, nikasukuma mlango wa kwanza, ni chumba cha kulala. Wa pili, chumba cha kulala. Pembeni kulikuwa na mlango mzito wa mbao, nikajitupa ndani nikaufunga. Ilikuwa stoo. Nadhani zamani walikuwa wakiweka mvinyo humo. Sasa ni viti vya plastiki vimepandishwa mpaka dari, na harufu ya panya. Ukuta wa nyuma ni jiwe tupu. Dirisha ni moja, dogo, lina nondo na vibao vya mbao kwa nje, na lenyewe pia linatazama uani. Nikashusha kiti kimoja nikakaa, na kitenge changu kipya na kilemba changu, nikasikiliza harusi ya mtoto wangu ikiingia langoni.

Baada ya muda Senge akagonga polepole. "Wifi, uko humo?"

"Niko."

"Si utoke kwa nyuma."

"Senge, hakuna nyuma."

"Hakuna nyuma namna gani?"

"Ni jiwe."

Nikasikia hatua zake zikienda. Alilizunguka jumba lote kwa nje, kwenye majani marefu, na viatu vyake vya harusi. Aliporudi alikuwa anahema.

"Hakuna," akasema. "Hawa watu walikuwa wanamwogopa nani?"

Kisha mvua ikaja. Mvua ya upande huu wa mlima hainyeshi, inamwagwa. Watu wote walikimbilia barazani wakasongamana, na bwana harusi, kwa bahati yangu mbaya, akasimama nje ya mlango wangu. Nilijua ni yeye kwa kile kicheko. Nikasikia Senge akiulizwa kitu kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiswahili kikali kwamba humu ndani kuna viti tu. Halafu msichana mmoja wa kwetu, msimamizi, akasema, ati si mama wa bibi harusi ndiye yuko humo. Midomo mingine ingeshonwa kwa uzi ule niliokuwa nautafuta.

Kijana alifurahi. Binti yangu alikuwa amemwambia tu asinikumbatie, ati wazee wetu wana haya, hakumwambia zaidi ya hapo. Akasogea mpaka mlangoni, akasafisha koo.

"Mulembe, mayi," akasema.

Mulembe ni amani. Ni salamu ya kwetu, na mayi ni mama. Sijui alijifunza kwa siku ngapi, lakini aliisema polepole, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Nilitaka kuitikia, Mungu anajua. Mtu akikupa salamu ya amani ukanyamaza, kwetu watakuuliza kama wewe ni mchawi. Nilinyamaza, nimeshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Senge akavua leso yake, akaitandaza mlangoni, akasimama mbele yake miguu imepanuka. Baadaye niliambiwa kijana alidhani hiyo ni sehemu ya sherehe, akapiga makofi, na watu wake wakapiga picha. Zipo mpaka leo, Senge na leso, amekunja uso.

Nilikaa humo. Nilisikia chai ikiandaliwa, nikasikia vikombe. Nilikuwa na kiu, na nilikuwa nimebanwa na haja ndogo, na mambo hayo mawili hayaelewani. Nilihesabu makosa ya Wataliano wote tangu dunia kuumbwa. Kisha nikaacha, kwa sababu hasira yangu haikuwa kwao. Nilikuwa namkasirikia mama yangu kwa kuteleza, na mume wangu kwa kuwa na moyo mwema, na wote wawili wako udongoni hawawezi kunijibu.

Senge akaja dirishani, akaweka mdomo kwenye vibao.

"Nimepanga. Tunamwingiza kijana chumba cha mwisho, tunamfungia kidogo. Wewe unatoka, unapanda pikapu kabla barabara haijaharibika kabisa, unakwenda nyumbani."

"Na harusi?"

"Utaletewa kwa simu."

"Nimemwambia mtoto nitakuwa karibu."

"Karibu wapi, wifi? Hapa uani hata paka hana pa kujificha. Watasimama pale kisimani, na wewe utasimama wapi asikuone, asikuguse, na hawa watu wanaokumbatia kila kinachopita?" Akasogea zaidi kwenye vibao. "Usiwasahau uliowazika."

Hakusema kwa ubaya. Yeye ndiye aliyewaosha. Na alikuwa hajui habari ya zipu, lakini alikuwa kama amenishika palepale pa woga. Nikaona jinsi nilivyonaswa. Nikitoka nje nikasimama na mwanangu, kwa desturi zetu nimekiletea mkosi kile kilicho tumboni mwake. Nikipanda pikapu, nimemtupa mbele ya watu wa kigeni siku aliyoniomba kitu kimoja tu. Na hiki chumba cha panya hakikuwa hapa wala pale.

"Siendi," nikasema. "Nitabaki humu. Nitasikia."

"Utasikia nini na hii mvua?"

Alisema kweli. Vigae vilikuwa vinapiga kelele, sikuwa nasikia hata mawazo yangu. Lakini nilishasema siendi, na Senge ananijua.

Sijui ni nani alimweleza binti yangu. Mvua ilipopungua kidogo, nilisikia kitambaa kikiburuzwa kwenye sakafu ya baraza, kisha kupitia vibao nikaona weupe wa gauni.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Ulisema utakuwa karibu."

"Si niko hapa."

"Sikuoni."

"Hata mimi sikuoni vizuri. Usiegemee ukuta, utachafuka."

Hakucheka. Nilijua anauma mdomo wa chini, maana ndivyo anavyofanya tangu mdogo.

"Nimemwambia yote," akasema. "Nimemwambia desturi yenyewe. Na wale wengine pia nimemwambia. Ndugu zangu."

Wale watoto sisi hatuwataji. "Amesema nini?"

"Amekaa chini pale kwenye ngazi."

Tukangoja, yeye nje na mimi ndani. Kisha nikasikia meza ikiburuzwa, na Senge akigomba, na mchungaji wetu, ambaye hapendi mambo yasiyo kwenye ratiba, akiuliza ni nani ameamua. Kijana ndiye aliyeamua. Alisema ikiwa mama hawezi kuja kisimani, harusi ije stoo.

Basi waliileta. Meza ya mchungaji iliwekwa barazani, mbele ya dirisha langu. Binti yangu alisimama ukutani kabisa, bega lake la kushoto limegusa vibao. Kijana alisimama upande wa pili wake, na Senge, ambaye alikuwa amekubali jambo hili kama mtu anayekubali kung'olewa jino, alisimama nyuma yao na leso ameishika kwa mikono miwili, ameitandaza kati ya kijana na dirisha. Mikono ilimchoka na hakuishusha. Mimi nilinyanyua kibao kimoja kilicholegea, nikapitisha mkono wangu kati ya nondo mpaka kwenye kiwiko. Mkono wa mwanangu ukaupata. Ulikuwa wa moto.

Sikuona kitu. Niliona kipande cha shela, kipande cha leso, na maji yakishuka kutoka kwenye vigae. Lakini nilisikia. Nilimsikia mtoto wangu akisema yale maneno kwa Kiswahili, kisha kwa Kitaliano, na kila alipofika mahali pagumu alinibana vidole. Nilisikia kijana akiyasema kwa Kiswahili, akakosea, akarudia, na watu hawakumcheka. Nilishukuru. Nililia nikiwa nimeweka paji la uso kwenye jiwe, na nilikuwa na furaha, sijali nani anasema nini. Nilikuwa nimetimiza ahadi yangu na sijavunja kitu. Nilijisifu hata.

Mchungaji akasema, pete.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Senge mwenyewe hakulifikiria. Pete inavaliwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa kwangu.

"Achilia, wifi," Senge akasema kwa meno.

Nikalegeza vidole. Nakuapia nililegeza. Lakini mwanangu akanibana. Nikavuta, akanibana zaidi, kama siku ya kwanza nilipompeleka shule, na mimi mkono ukiwa kwenye nondo sikuwa na nguvu ya kuuvuta bila kuuchuna. Mchungaji akakohoa. Kijana akamuuliza mke wake kitu kwa lugha yao, taratibu. Akajibiwa kwa neno moja.

Leso ikayumba. Nikahisi vidole vingine.

Vilikuwa baridi na vimelowa jasho. Kwanza viligusa ukucha wangu vikaruka, kisha vikarudi. Alijaribu kuipitisha pete bila kunigusa, maskini, na haikuwezekana. Na pete yenyewe ikafika kwenye kifundo cha kidole ikakwama, maana mwanangu alikuwa ameshaanza kuvimba vidole. Ikabidi asukume. Akasukuma, na kila aliposukuma kidole gumba chake kilikaa juu ya mkono wangu, na hatukuwa na namna, mimi wala yeye. Nilifumba macho nikaomba kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, nikawaita wale watoto wangu wawili kwa majina niliyowapa, ambayo sijayataja kwa miaka. Kisha pete ikaingia. Watu wakapiga vigelegele.

Walipokwenda kula, kijana akatangulizwa chumba cha mbali, Senge akafungua mlango wa stoo. Alikuwa na kopo la maji. Alishika mkono wangu, akaumwagia, akaukausha na ile leso, hakusema neno. Mpaka leo hajasema, na mimi sijamuuliza yale maji yalikuwa ya nini. Nilikwenda msalani, nikapanda pikapu, nikarudi kwa ng'ombe wangu.

Wao walirudi Italia. Miezi iliyofuata nilikuwa mtu wa simu. Ikilia alfajiri naacha kukamua, ikilia kanisani natoka. Nilikuwa nauliza, unakula, unalala, anacheza? Anacheza, Mama. Sikulala vizuri hata hivyo. Kijana sikumwona wala kumsikia. Nikipiga simu ya picha, anatoka chumbani. Wakati mwingine naona mlango ukifungwa, na binti anasema, anakusalimu. Mara moja nilimpata ghafla jikoni kwao, akaangusha sufuria akiinama nyuma ya meza. Mkwe wa Mabanga hafanyi hivyo. Mkwe wa Mabanga siku hizi atakwambia hujambo mama kwenye simu bila wasiwasi. Nikaanza kusikia vibaya. Picha yake ninayo, lakini picha si mtu, na nilitaka kuijua ile sura iliyosema mulembe ikakosa jibu.

Mtoto alizaliwa salama. Msichana, mzito, mwenye nywele. Senge alikuja kutoka Bungoma kushangilia na mimi, na tukapiga simu tukiwa tumekaa hapa mlangoni. Binti yangu alikuwa kitandani, amechoka, anacheka. Akasema mtoto yuko kwa baba yake, akageuza simu.

Nikaona mgongo. Alikuwa amekaa dirishani, ametupa kisogo, uso umeelekea ukutani, na mtoto amelazwa begani mwake, kichwa kidogo kimetutazama sisi. Alimweka hivyo makusudi, mimi nimwone mjukuu na nisimwone yeye.

"Mwambie ageuke," nikasema. "Mwambie ni mimi nimesema. Yamekwisha."

Senge akaniangalia. Binti akamwambia kwa lugha yao. Mgongo haukusogea. Mkono wake ulipanda ukakifunika kichwa cha mtoto. Akajibu kitu kifupi, na binti yangu akanitafsiria.

"Anauliza, Mama. Na mtoto?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimesimama mbele ya watoto wa watu maisha yangu yote, najua kusema kwamba hizo ni imani tu, daktari alieleza, na kwamba tulishagusana na mtoto ndiye huyu mzima. Mdomo ulishafunguka. Nikamwona mjukuu wangu anapumua chini ya ule mkono, mgongo wake mdogo unapanda na kushuka, na maneno yakakataa kutoka.

"Basi akae hivyo hivyo," nikasema. "Mwambie asigeuke."